Alfalfa ya Kumwaga Uwanjani

Walivuka daraja wamejitwika mafungu ya alfalfa mbichi, majani ya kulishia farasi, wala nyuma yao hapakuwa na farasi hata mmoja.

Watu wa madukani walicheka. Mmoja akauliza kama waendesha mikokoteni wa mtaa wa Los Ceibos sasa wanakula majani wenyewe.

"Yakibaki nitakuletea, na chumvi juu," akajibu Zulema Ledesma bila kusimama.

Yeye ndiye aliyeamuru farasi waachwe nyumbani. Asubuhi hiyo baraza la mji lilikuwa likipigia kura marufuku ya mikokoteni, na bila mkokoteni hakuna kuokota karatasi, hakuna chuma chakavu, hakuna kula. Walitaka kuingia wasikilizwe kabla mikono haijainuliwa. Mara ya mwisho polisi wa farasi waliwakanyaga mbele ya ukumbi. Mkono wa mwenzao Gauna ulikuwa bado umening'inia kwenye kitambaa.

Gauna alidhani wanakwenda kuyamwaga majani mlangoni kwa meya, ili aone aibu. Wote walidhani hivyo. Zulema hakukanusha. Walipofika bombani akawalazimisha kuyanyunyizia maji yasinyauke, na Gauna akanung'unika kwamba meya hatayapika.

Hawakushangaa sana, maana walimjua. Kazi ya kuzoa samadi kwenye zizi la polisi aliipoteza kwa mdomo wake: alimwambia Sajini Bustos, mbele ya wakubwa zake, kwamba farasi si kuku wa kulishwa punje tupu bila majani mabichi.

Uwanjani polisi walikuwa wamejipanga juu ya farasi, virungu mkononi. Bustos akawaamuru watawanyike.

"Hatutawanyiki," akasema Zulema. Aliogopa, ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

Akawasimamisha wenzake mahali ambapo upepo wa mto uliwapiga mgongoni.

"Mwageni."

"Mama, mlangoni bado," Gauna akanong'ona.

"Mwageni hapa hapa. Na asikimbie mtu."

Bustos akainua kirungu. Mstari mzima wa farasi ukaja mbio, kwato zikigonga mawe, na Gauna akafumba macho akiukumbatia mkono wake mbovu. Hakukimbia.

Kwato zikanyamaza. Alipofumbua macho, vichwa vyote vya farasi vilikuwa chini, vimezama kwenye alfalfa, na juu yao polisi wakivuta hatamu na kutukana, visigino vikipiga mbavu zisizosikia kitu.

Zulema akampapasa shingoni farasi wa sajini.

"Kula, Lucero," akasema. "Huyu bwana wako nilimwambia."

Akapita kando yake, akaanza kupanda ngazi za ukumbi.