Kigari cha Kukunjwa kwa Mkono Mmoja

"Hata hiki hakikunjiki kwa mkono mmoja," kijana alisema, akakirudisha kigari ukutani. Kilikuwa cha tatu.

Wanja alikuwa ameuza vigari vya watoto vya mtumba hapa Ruiru kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kuona mwanamume akichagua namna hii. Wanaume huuliza bei, wakaguna, wakaenda zao. Huyu, aliyesema anaitwa Tobias na anaishi Kiandutu kule Thika, alikuwa amempakata binti wa mwezi mmoja kwa mkono wa kushoto, na kila kigari alikijaribu kwa wa kulia peke yake: kukifungua, kukikunja, kukiinua.

"Kwani mama mtoto hana mikono?" Wanja alimtania. "Yeye ashike mtoto, wewe ukunje stroller."

"Nitakuwa peke yangu. Lakini ni yeye aliniambia nije hapa. Alipita akiwa na mimba, akaziona. Akasema nisinunue nzito."

"Na yuko wapi?"

"Kwa gari, hapo nyuma ya petrol station. Tunaenda naye nyumbani, Ugenya. Dereva amenipa dakika kumi."

Wanja alikuwa na udhaifu kwa watu wa safari. Kile chepesi kama mwavuli alimkataza, kwa sababu hakilazi mtoto na huyu hata shingo haijakaza. Kile cha magurudumu makubwa kingeweza matope ya Ugenya, ila kwenye basi kingekuwa msiba. Akaingia nyuma ya pazia akatoa cha kijivu alichokuwa amemwekea binti ya dada yake. Kinamlaza mtoto vizuri, hakizidi uzito wa pakiti tatu za unga, na kikikunjwa kinaingia chini ya kiti.

Tobias alikikunja mara moja, kwa mkono mmoja. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Mtoto alianza kulia. Tobias akatoa chupa ya maziwa mfukoni mwa koti.

"Hanyonyi?"

"Ni chupa tu, mama."

Wasichana wa siku hizi na maumbo yao, Wanja alijisemea, lakini mteja ni mteja, akaumeza ulimi. Akauliza kama mama mtoto anapajua huko ukweni.

"Ametembea huko. Lakini hajawahi kuingia kwa nyumba yetu, kwa sababu haikuwepo. Alinisumbua sana nijenge. Nikawa nasema mwaka ujao, mwaka ujao." Alimfuta mtoto kidevu. "Wiki hii ndugu zangu wameisimamisha kwa siku tatu. Mabati, mlango, kila kitu. Ilikuwa lazima iwe tayari kabla hajafika."

"Haiya! Siku tatu! Huyo msichana ana bahati." Wanja alisema kwa moyo wake wote, na wivu kidogo ukamchoma. Yeye hakuna aliyewahi kumjengea hata banda la kuku. "Na mnarudi lini?"

"Jumapili. Gari hili ni la kwenda tu. Tutarudi na basi, mimi na mtoto."

"Na mama yake?"

Tobias alikitazama kigari. "Atabaki."

Kicheko kilimkauka Wanja mdomoni. Miaka ishirini na sita iliyopita, watu wa Muriithi, baba wa mtoto wake, walikuja kumchukua mtoto huyo akiwa na miezi mitatu. Walimwambia apumzike, mtoto atalelewa vizuri. Leo mtoto huyo ni mwanamume wa ndevu, anafanya kazi Juja, na akikutana na Wanja njiani humwambia "habari ya biashara" na kupita. Uchungu wake haujawahi kupoa, hata siku moja.

"Ngoja kwanza," alisema. "Unampeleka msichana wa watu kijijini, unamwacha kwa nyumba ya siku tatu, halafu unambebea mtoto wa mwezi mmoja?"

"Mama, sio hivyo. Nimechoka kueleza..."

"Nani aliamua?"

"Si mimi!" Sauti ilimkatika. "Mimi nilimwomba turudi Thika sisi watatu. Nilimwomba, mama. Nilimshika mkono nikamwomba."

Machozi yalimtoka. Wanja aliyaona na hayakumbabaisha, maana hata watu wa Muriithi walilia. Alikinyakua kigari cha kijivu akakiweka nyuma ya meza.

"Hapa hununui. Siwezi kukuuzia kitu cha kumtenganisha mtoto na mama yake. Na huyo msichana nitamwambia mwenyewe, sasa hivi, asikubali!"

Tobias alijipangusa uso kwa shali ya mtoto.

"Mwambie," alisema polepole. "Pengine wewe atakusikia."

Wanja alitoka bila kufunga duka. Alipita katikati ya waendesha bodaboda, akakata kona ya petrol station, Tobias akimfuata na mtoto kifuani. Gari lilikuwa pale, nisani nyeupe yenye mapazia madirishani. Maneno alikuwa nayo, yale ambayo hakuna mtu aliyemwambia yeye akiwa na miaka ishirini na moja: Shuka, mwanangu. Mshike mtoto wako. Pa kulala nitakupa mimi.

Akavuta mlango kwa nguvu.

Wanawake sita walimwinulia macho mekundu, watatu upande huu na watatu upande ule, miguu wameikunja chini ya viti ili kuliachia nafasi jeneza jeupe.