Rangi ya Maganda ya Vitunguu

“Na hiki?” binti aliuliza, akimnyooshea mama yake kitambaa kilichokuwa bado kinatoa mvuke.

“Lete karibu basi, mbona unanipungia kama nasafiri?”

Mama alikipokea, akakiweka shavuni kama alivyozoea kufanya na nguo zilizotoka kuanuliwa. “Njano kali. Unataka kumvika nani, kifaranga?”

“Na hiki?”

“Kahawia. Na chai hii bora tungekunywa.”

Alikuwa amepatia tena. Binti alisubiri moyo umruke kwa furaha, haukuruka. Tangu daktari aseme kwamba presha ya macho haina subira, na kwamba nuru ikishazimika hairudi, ndani yake palikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Mama alikuwa amekataa kupasuliwa. “Kisu na jicho, wapi na wapi?” Basi binti akapanda mrehani kwenye makopo mlangoni mwa jikoni. Asubuhi na jioni alichemsha majani, akayachuja, yakipoa akamwosha mama macho. Jiko la pili lilikuwa la rangi: binzari, majani ya chai, maganda ya vitunguu. Alikuwa anajaribujaribu, apate vilemba vya kuuza, na siku moja akaona rangi hizo zingefaa pia kumpimia mama.

Mwanzoni alianika vitambaa kwenye kamba uani na kumwita mama mlangoni. Mama alikosa vyote.

“Jua linanichoma, mwanangu. Niletee ndani.”

Ndani ndiko alikoanza kupatia.

“Mganga wa sufuria!” Kaka yake aliingia, funguo zikilia mkononi. “Mgonjwa tayari? Gari nimeazima kwa bosi, na bosi mwenyewe unamjua, anahesabu hadi upepo wa matairi.”

“Kaa kwanza uone.”

Binti alimpa mama vitambaa, kimoja baada ya kingine. Mama hakukosea hata kimoja. Cha mwisho, cha maganda ya vitunguu, alikikumbatia.

“Rangi ya chungwa,” akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. “Na wewe mbona umekonda hivyo? Mkeo hapiki?”

Kaka alijipiga kofi kitambini, akacheka hadi akakohoa. “Huyu amepona! Utani wake umerudi wote.” Halafu akapunguza sauti. “Lakini dada, nafasi ya upasuaji ni leo; daktari alisema leo ndiyo leo. Mimi ni dereva tu, sijui majani wala macho. Ukisema twende, namweka mama garini sasa hivi. Ukisema basi, napiga simu nafuta.”

Binti alimtazama mama. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kubebwa.

“Futa,” binti alisema.

Kaka alipiga simu. Hospitali hawakubishana; nafasi ile walikuwa na mtu wa kumpa, nyingine ingepatikana baada ya miezi. Kaka akambusu mama utosini, akarudisha gari la watu.

Binti alirudi jikoni. Hakujisikia vizuri wala vibaya. Masufuria yalikuwa bado ya moto, na kazi ilikuwa inamngoja: mteja mmoja alitaka kilemba cha kazini, kisichoonyesha uchafu. Alikuwa amesikia kwamba maji ya misumari yenye kutu hugeuza rangi, ila hakuwahi kujaribu. Akatoa kitambaa kwenye sufuria ya maganda ya vitunguu, akakichovya kwenye kopo alimoloweka misumari.

Rangi iligeuka palepale. Rangi yote ya chungwa ikaliwa na maji ya kutu. Alipokikamua, kitambaa kilikuwa cheusi kama sizi la sufuria, ingawa harufu ya vitunguu ilibaki.

Akakipeleka chumbani, si kwa kumpima mtu. Alitaka tu kuonyesha.

“Mama, hebu ona maajabu haya.”

Mama alinyoosha mikono, akakipokea, akakileta shavuni. Akavuta pumzi ndefu, taratibu, kisha akatabasamu.

“Rangi ya chungwa tena,” alisema. “Ila hii, mwanangu, inang’aa kuliko zote.”