Maziwa ya Mgeni

Atuganile alimkumbatia mwanawe mwenye homa, macho hayabanduki kwenye sindano. Dresa wa serikali, mhudumu wa zahanati, alikwisha kumtoa damu ng'ombe wao uani. Sasa alitaka na ya mtoto. Temeke nzima ilikuwa ikinong'ona habari za mumiani, wanyonya damu.

"Ng'ombe anaumwa, mama. Huenda maziwa yake ndiyo yaliyomwambukiza mtoto."

"Mtu na ng'ombe, homa moja? Haya, bwana dresa. Kunywa kwanza. Kwetu mgeni haondoki kinywa kikavu."

Akamsogezea kikombe cha maziwa mabichi ya ng'ombe yuleyule, povu bado likipasuka ukingoni.

Dresa alikitazama, akameza mate, akakisukuma kando kwa kidole kimoja. "Nisamehe, mama. Haya siyanywi."

Atuganile akaukunjua polepole mkono wa mtoto.