Matumizi ya Chumba Namba Moja

"Na pajama pia, mama?! Pajama mbili?!"

Mshauri wa kodi aliinua ile risiti kwa ncha za vidole, kama mtu aliyemshika panya mkia. Binti mdogo tu, leseni yake ukutani bado inanukia wino, na tangu afungue ofisi hiyo juu ya duka la vioo hajawahi kukutana na kioja kama hiki.

"Zilikuwa bei poa," mteja wake akasema. "Na zile za zamani zilishatoboka magotini. Ningemwacha hivyo?"

Mteja mwenyewe alikuwa fundi cherehani mstaafu, mama wa kicheko kikubwa na mkoba mkubwa zaidi. Nyumba yake ina vyumba sita, wapangaji sita, na kila tofali limetoka kwenye cherehani. Miaka yote fomu za kodi ya mapato alijijazia mwenyewe, mezani jikoni, penseli sikioni. Hakuna wa kumfundisha!

Mpaka barua ilipokuja. Ofisi ya kodi inataka maelezo ndani ya siku saba: inakuwaje matumizi aliyoandika kwa mpangaji wa chumba namba moja yanazidi pango analolipa mpangaji huyo? Asipoeleza, faini. Na faini ile, weee, kuilipa ni mpaka auze nyumba.

"Siku saba," mshauri akasema. "Leo ya ngapi?"

"Ya sita."

"Mama!"

"Sasa mwanangu, nani anamwita fundi bomba kabla maji hayajafika kitandani?"

"Mwenye akili!" Binti akacheka. "Ungekuja siku ulipoongeza chumba cha pili. Au ulipokopa hela za paa. Au basi, hata siku barua ilipofika, kabla hujavua viatu!"

"Nilikuwa nimeshavua," mama akasema.

Kwenye meza ya pembeni, karani akakohoa kuficha kicheko. Alikuwa anapanga faili lile lile tangu saa tatu asubuhi, masikio yote mawili yako huku.

Risiti zikaendelea kutoka mkobani. Godoro la futi sita. Miwani ya kusomea. Dawa ya mgongo. Nyama, mchele, nyama tena. Zote zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mafundi: *gharama za mpangaji, chumba namba moja.*

"Mpangaji gani huyu analishwa?" karani akashindwa kuvumilia. "Huyo anaila nyumba yako, mama!"

"Anakula, na anaongeza." Mama wala hakuona haya. "Lakini kulipa analipa. Kila tarehe moja, asubuhi, kabla ya chai. Na risiti anadai! Siku ya kwanza tu aliniambia, mimi sikai bure kwenye nyumba ya mwanamke. Nikamwambia, haya, kaka, lipa."

"Wapangaji wengine unawanunulia pajama?"

"Wale wa nini? Hata majina yao ya ukoo siyajui."

Mshauri na karani wakatazamana. Jamani!

"Usumbufu anao?" binti akauliza, ili mradi aulize.

"Huyo? Anakoroma mpaka mabati yanacheza."

"Kwa hiyo ukuta ni mwembamba."

"Ukuta gani tena?"

Karani akaangusha faili. Karatasi zikatapakaa hadi chini ya feni, na alivyoinama kuziokota hakuinuka haraka.

Binti alijipepea kwa barua ya serikali. Kazi ni kazi. "Mama, nisikilize. Angekuwa mtu wa familia, tungemfuta kwenye fomu, pango lake na matumizi yake, tupeleke maelezo kesho, na faini isingekuwepo. Lakini hili ni pango, na huyu…"

"Ni mpangaji kabisa! Nina vishina vya risiti vya miaka thelathini na moja!"

"Ndicho kinachotumaliza."

Hapo kicheko cha mama kikakatika. Akaitazama mikono yake, vidole vimejaa alama za sindano. "Nyumba ile nikiiuza, mwanangu, nimeuza macho yangu. Ndiko yalikoishia, mshono kwa mshono."

Chini dukani mtu alikuwa anakata kioo, kriii, halafu tak.

Binti akavuta kiti karibu. Mchezo ukamtoka usoni. "Haya. Kesho tunakwenda wote pale ofisini, na mimi ndiye nitakayesema, wewe usitie neno. Lakini nahitaji kitu cha kushika mkononi. Mtu kakaa miaka thelathini na moja, bila shaka mliandikishana?"

"Unanionaje? Ningemlaza hata usiku mmoja bila kuandikishana? Mimi si mtu wa hivyo!" Mama akazamisha mkono mkobani mpaka kwenye kiwiko, akatoa bahasha iliyoviringishwa nailoni. "Mashahidi wawili, muhuri wa serikali, kila kitu. Soma."

Binti akakunjua. Akasoma mstari wa juu. Akarudia, mdomo wazi.

"Mama… hiki ni cheti cha ndoa."

"Ndicho hicho," mwenye nyumba akasema, akijitupia mtandio begani na kuelekea mlangoni. "Basi leo nimechoka, na yeye atakuwa ana njaa. Habari za wale watoto wetu wanne nitakupa kesho, nije na risiti zao."