Nyumba Iliyokosa Jina

Kila mlango ulipofunguliwa alitabasamu, na kila mlango uliofunguliwa ulimkera. Milango yenye majina haikuwa na faida kwake.

Kwenye ofisi ya kampeni alijitambulisha kwa jina la Lyle. Jina lake hasa ni Dwayne, na wala hakujali nani angekuwa meya wa Elmdal. Alimtaka mkewe, Corinne, aliyemtoroka baada ya kuvunjwa mkono. Mahakama ilikwisha kumkataza kumtafuta. Dwayne alikunja ile amri ya mahakama, akaitia mfukoni, akawasha gari.

Huku Minnesota, Marekani, orodha ya wapiga kura si siri. Jina, mtaa, namba ya mlango, vyote vimo, na watu wa kampeni huichukua wakapita nayo nyumba kwa nyumba. Lakini mtu anayewindwa akiiomba serikali, anwani yake hufichwa. Binamu mmoja mropokaji alikuwa amemwambia Dwayne kwamba Corinne yuko Elmdal. Mtaa gani, hakujua.

Basi Dwayne akakaa akafikiri. Corinne hajawahi kukosa kupiga kura. Nyumba yake itakuwa ile ambayo mpiga kura yumo, ila kwenye orodha hayumo. Hakutafuta jina tena. Alitafuta pengo.

Desturi ya ofisi ni kutembea wawili wawili. Aliyepanga jozi ni Bi Verna Tollefson, mjane mwenye makoti mawili na maneno mengi. Alimtazama mgeni kuanzia kofia hadi viatu, kisha akatazama tena.

"Huyu wangu," akasema. "Ana miguu mirefu. Atanibebea chupa ya kahawa."

Wakacheka wote. Akaingia chumba cha nyuma kuchukua koti la pili, akakawia kidogo, akarudi na karatasi za Mtaa wa Birch.

Njia nzima hakunyamaza.

"Kula keki ya malenge, mwanangu. Umekonda kama fimbo ya kuvulia samaki. Mkeo hakupikii?"

"Sina mke, bibi."

"Ah! Na ulivyo mzuri hivyo. Haya, kitendawili. Napita mbele ya kila mlango, siingii hata mmoja."

"Barabara," alijibu Dwayne, macho kwenye karatasi.

"Una akili wewe. Marehemu mume wangu angefikiri mpaka Krismasi."

Upepo wa Oktoba ulisukuma majani makavu hadi kwenye ngazi za watu. Waligonga, wakaongea, wakaacha vipeperushi. Namba 412, wazee wawili, wamo. Namba 414, mwalimu na mwanawe, wamo. Kisha karatasi ikaruka: 418.

Dwayne akainua uso. Kati ya namba hizo mbili ilisimama nyumba ya buluu, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Kwenye kioo cha gari lililoegeshwa uani kulikuwa na ile stika nyekundu wanayopewa waliokwisha kupiga kura mapema.

Akapunguza mwendo.

"Hii ya nani, bibi?"

"Hiyo?" Bi Verna alikuwa akihangaika na kifuniko cha chupa. "Sijui sana. Kuna mwanamke alihamia majira ya kuchipua. Kijana bado. Hatoki, masikini. Siku ile nilimwona mkono uko kwenye bandeji nikasema, huyu naye kaanguka wapi?"

Ulimi wa kizee! Dwayne nusura acheke.

"Hayumo kwenye karatasi," alisema.

"Basi tumruke, baba. Baridi hii!"

"Hapana, hapana. Kura ni kura. Wewe kaa kwenye benchi pale, unywe kahawa yako. Hii nitaimaliza peke yangu."

Bi Verna alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aking'ang'ania kubeba ndoo kubwa.

"Haya. Ila wa mbele usijisumbue nao, huku kwetu mlango wa mbele ni wa mapadri na wauza bima. Zunguka nyuma. Gonga taratibu usimtishe."

Akazunguka. Nyuma kulikuwa na ua mrefu wa mbao, na hakuna jirani angeweza kuona. Alibandua beji ya kampeni kifuani. Akavaa glavu, kidole kimoja kimoja. Akagonga taratibu, kama alivyoelekezwa.

Nyayo laini zikasikika ndani. Kitasa kikazunguka, mlango ukaachia ufa mdogo, na nyuma ya ufa giza.

"Corinne," akasema, karibu kwa kunong'ona. "Ulidhani sitakupata? Toka mwenyewe. Nikiingia mimi, safari hii hautakuwa mkono tu."

Mlango ukafunguka wote.

Aliyesimama pale alikuwa mwanamume mpana, miguuni soksi za sufu, kiunoni bastola, kifuani nyota ya polisi wa kaunti.

"Ingia, Dwayne," akasema. "Hata sisi askari serikali hutufichia anwani. Bi Verna alikutambua kwa picha, akanipigia simu, na nilikuwa naanza kudhani kakupoteza njiani."

Kule barabarani benchi lilikuwa tupu. Bi Verna alikuwa amekwisha kukata kona, anatembea upesi kuliko alivyotembea kutwa, mpaka kwenye nyumba yake mwenyewe, ambayo kila orodha ya mji ilisema anaishi humo mjane mmoja tu. Hakutoa ufunguo, alibisha hodi.

"Ni mimi, Corinne," akasema. "Fungua mapazia, mwanangu."