Doti ya Mama Mkwe

Mama mkwe aliniwekea mapajani doti mpya ya khanga, bado imekunjwa na inanuka wanga wa kiwandani. Mume wangu alikuwa pembeni, anakunywa chai.

"Ifungue, Bahiya. Nimeitafuta Temeke nzima, kila duka imekwisha."

Niliikunjua mpaka nikayafikia maandishi: NYUMBA HUJAZWA NA WANA, SI MANENO.

Maneno hayo niliyatunga mimi. Tangu nimalize shahada yangu ya Kiswahili sijaajiriwa. Nawatungia wafanyabiashara matangazo na majina ya khanga, nayachapa kwenye kompyuta ya kukodi na kuyatuma kwa barua pepe hadi kiwandani Bombay. Tajiri mmoja wa Kariakoo aliniambia niandike yanayouma, maana ndiyo yanayonunuliwa. Siku ile nilikosa la kuandika, nikaandika lile nililokuwa naogopa kuambiwa. Ndoa yangu ina mwaka wa saba na sijawahi kushika mimba.

Khanga haijibiwi kwa mdomo. Ukipewa, unashukuru.

"Ahsante, mama."

"Jifunge basi nikuone."

Nilisimama, nikajifunga. Akanizunguka, akapitisha kiganja nyuma yangu, herufi moja baada ya nyingine, akiyanyoosha maneno yasijikunje.

"Aliyetunga haya ana akili," alisema taratibu. "Utadhani anaishi humu ndani."

Mume wangu, anayejua ni nani, aliinamisha uso kwenye kikombe chake.