Gari Lilivyopanda

Jeki iliteleza, gari likambana fundi mguu. Gereji haikuwa na mtu mwingine ila mkewe, mshonaji mwembamba aliyemletea chai.

"Chomeka lile bomba refu chini ya gari," fundi aligumia. "Liwekee gogo chini yake, kisha kandamiza bomba."

Mkewe alikandamiza kwa nguvu zake zote. Gari halikutikisika.

"Sogeza gogo karibu na gari. Halafu shika bomba mwishoni kabisa."

Akafanya hivyo. Bomba likashuka kutoka kifuani hadi magotini mwake, na gari likapanda kiasi cha kiganja, taratibu, bila kelele. Fundi akajivuta, akatoka.

"Nimetoka, mama watoto. Achia!"

Hakuachia. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Ngoja kwanza," alinong'ona. "Ngoja nilione gari nililoinua."